Ukiona kunguru amekufa, toa taarifa

Mwaka 1999, wakati wa kiangazi, kunguru walianza kufa kwa wingi katika jiji la New York, Marekani. Muda si mrefu, wazee katika mtaa wa Queens wakalazwa hospitalini wakiwa na uvimbe wa ubongo. Maofisa wa afya walidhani ni homa ya St. Louis, inayoenezwa na mbu. Tracey McNamara, daktari wa mifugo katika bustani ya wanyama ya Bronx, hakuridhika. Ndege wake nao walikuwa wakifa, ilhali virusi vya St. Louis kwa kawaida haviui ndege. Septemba, maabara zilithibitisha kuwa ni virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa Uganda mwaka 1937 na ambavyo havikuwahi kuonekana Amerika. Watu 7 walifariki mwaka huo.

Virusi hivi huzunguka kati ya ndege na mbu, hasa jamii ya Culex. Binadamu na farasi huambukizwa wakiumwa na mbu hao, lakini virusi katika damu yao huwa vichache mno kumwambukiza mbu mwingine. Kwa kunguru wa Amerika mambo ni tofauti: virusi huongezeka kwa kasi na wengi hufa katika siku chache.

Hapo ndipo taarifa ya mwananchi inapookoa maisha. Kati ya watu 10 walioambukizwa, 8 hivi hawaoni dalili yoyote. Takriban mmoja kati ya 150 ndiye huugua vibaya. Hivyo, tukisubiri wagonjwa wafike hospitalini, virusi vitakuwa vimeshaenea mtaani. Chanjo ya binadamu bado haipo.

Jimbo la California huwaomba wakazi wapige simu wanapoona ndege aliyekufa. Mzoga unaofaa kupimwa ni ule ambao haujazidi saa 24, lakini hata usiochukuliwa huandikwa kwenye kumbukumbu. Taarifa zikirundikana eneo moja, wataalamu hujua pa kutega mbu, pa kuua viluwiluwi na wakazi wa kutahadharishwa.

Mahali penye watu wachache, ndege hufa bila kuonekana. Ukimya wa simu si ushahidi wa usalama. Ndiyo maana mbu hupimwa pia, na kuku hufugwa maalumu ili damu yao ichunguzwe.

Basi, palipo na huduma hiyo, usimpite ndege aliyekufa. Usimshike kwa mikono mitupu, taja mahali alipo, na upige simu siku hiyohiyo.