Ukaguzi wa gesi kila mwaka katika nyumba za kupanga Uingereza: mambo anayopaswa kujua Mtanzania mpangaji

Na Mwandishi Wetu

NYUMBA yoyote ya kupanga yenye vifaa vya gesi vinavyomilikiwa na mwenye nyumba nchini Uingereza sharti ikaguliwe na fundi aliyesajiliwa angalau mara moja katika kila miezi 12, na mpangaji apewe nakala ya kumbukumbu ya ukaguzi huo. Huo ni wajibu wa kisheria wa mwenye nyumba, na asiyeutimiza anaweza kufikishwa mahakamani.

Kwa Mtanzania anayekwenda huko kwa masomo, kazi au kuungana na familia yake, chumba cha kupanga mara nyingi ndiyo makazi yake ya kwanza. Atahangaikia kodi, amana, umbali wa kituo cha basi na baridi. Si rahisi akumbuke kuulizia karatasi ya gesi. Hata hivyo, karatasi hiyo ndiyo inayomweleza iwapo hewa atakayoivuta akiwa amelala ni salama.

Makala haya yanaeleza sheria hiyo inataka nini, kwa nini iliwekwa, na mpangaji afanye nini ili imlinde.

Hatari isiyoonekana wala kunusika

Nyumba nyingi za Uingereza hupokea gesi asilia kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini. Gesi hiyo haitumiki kupikia tu. Huwasha pia boila, yaani mtambo unaochemsha maji ya kuoga na kupasha joto vyumba wakati wa baridi. Katika miezi hiyo madirisha hufungwa usiku na mchana huku boila ikiwaka kwa saa nyingi.

Hatari ya kwanza ni kuvuja kwa gesi na kusababisha mlipuko. Gesi asilia yenyewe haina harufu, ndiyo maana huchanganywa na kemikali yenye harufu kali ili watu waitambue inapovuja.

Hatari ya pili ni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayozalishwa pale gesi, mkaa, kuni au mafuta yanapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Hewa hii haina rangi, ladha wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo viungo muhimu, hasa moyo na ubongo, hukosa oksijeni. Aliyelala anaweza kupoteza maisha bila kuzinduka.

Boila iliyotunzwa vizuri hutoa moshi wake nje ya nyumba kupitia bomba maalumu. Bomba hilo likiziba au likipasuka, au boila ikipungukiwa na hewa, sumu hurudi ndani. Mpangaji hawezi kuliona hilo kwa macho. Ndiyo sababu sheria ilimtaka mtaalamu mwenye vipimo afike nyumbani kila mwaka.

Nati moja ya shaba

Uzito wa suala hili unaonekana katika tukio la tarehe 16 Mei, 1968, huko Ronan Point, jengo la makazi lenye ghorofa 22 mashariki mwa London. Jengo hilo lilikuwa jipya, na wapangaji walikuwa wamehamia miezi michache tu kabla. Alfajiri ya siku hiyo mpangaji mmoja wa ghorofa ya 18 aliwasha jiko la gesi ili achemshe chai. Gesi iliyokuwa imevuja ililipuka, ikasukuma kuta, na kona nzima ya jengo ikaporomoka. Watu wanne walifariki dunia na wengine 17 walijeruhiwa.

Uchunguzi ulibaini kwamba gesi ilivujia kwenye nati ya shaba isiyokidhi viwango, iliyounganisha jiko na bomba. Udhaifu wa ujenzi ndio ulioliangusha jengo, lakini chanzo cha mlipuko kilikuwa kipande kidogo cha chuma ambacho mpangaji hakuwa na namna ya kujua ubovu wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kanuni za usalama wa gesi zilitungwa nchini humo mwaka 1972 na zikaboreshwa mara kadhaa baadaye. Zinazotumika sasa katika England, Scotland na Wales ni Kanuni za Usalama wa Gesi (Ufungaji na Matumizi) za mwaka 1998, zilizoanza kutumika tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Ireland ya Kaskazini ina kanuni zake zinazofanana na hizo.

Wajibu wa mwenye nyumba

Kanuni za mwaka 1998 zinampa mwenye nyumba majukumu makuu matatu.

Kwanza, ahakikishe mabomba, vifaa vya gesi na mabomba ya kutolea moshi vinatunzwa na kuwa salama wakati wote. Pili, vifaa na mabomba ya moshi vikaguliwe kila mwaka. Tatu, aweke kumbukumbu ya ukaguzi na kumpa mpangaji nakala yake.

Ieleweke kwamba ukaguzi si matengenezo. Fundi anayekagua hupima iwapo kifaa ni salama siku hiyo, ilhali matengenezo ni kazi ya kusafisha na kubadilisha sehemu zilizochakaa. Mwenye nyumba anadaiwa yote mawili, na kimoja hakifuti kingine.

Majukumu haya yanawahusu wenye nyumba binafsi, halmashauri zinazopangisha, mashirika ya nyumba na wamiliki wa hosteli. Yanamhusu pia anayepangisha chumba kimoja ndani ya nyumba anamoishi mwenyewe, na anayepangisha nyumba kwa wageni wa likizo.

Katika eneo hili Watanzania wanapaswa kuwa makini. Ni jambo la kawaida mtu kupanga nyumba nzima kisha kumpangisha ndugu au rafiki chumba kimoja ili wasaidiane kodi. Anayefanya hivyo anaweza kubeba majukumu ya mwenye nyumba kwa yule aliyemkaribisha, sambamba na majukumu yanayobaki kwa mwenye nyumba wa awali. Kauli kwamba "huyu ni ndugu yangu tu" si kinga mbele ya sheria ikiwa kodi inalipwa.

Kifaa ambacho mpangaji amekileta mwenyewe, kwa mfano jiko alilolinunua, hakimo katika ukaguzi wa lazima wa mwenye nyumba, ingawa mabomba yanayokifikishia gesi yanabaki kuwa dhamana ya mwenye nyumba. Mpangaji wa namna hiyo anashauriwa kukikaguza kifaa chake kwa gharama zake.

Nani anaruhusiwa kukagua

Ukaguzi hufanywa na fundi aliyeandikishwa katika daftari rasmi liitwalo Gas Safe Register, ambalo lilichukua nafasi ya daftari la awali la CORGI tarehe 1 Aprili, 2009. Fundi huyo hubeba kitambulisho chenye picha, namba ya usajili na tarehe ya mwisho ya matumizi. Nyuma ya kitambulisho huorodheshwa aina za kazi anazoruhusiwa kufanya, kwa kuwa mwenye ujuzi wa majiko si lazima awe na idhini ya kugusa boila.

Mpangaji ana haki ya kuomba kuonyeshwa kitambulisho hicho mlangoni, pande zote mbili. Kumwomba fundi kitambulisho si utovu wa adabu, na fundi halali hatachukizwa.

Akiwa ndani, fundi hupima iwapo gesi inavuja, iwapo kifaa kinapokea gesi kwa kiwango sahihi, iwapo chumba kina hewa ya kutosha, iwapo moshi unatoka nje ipasavyo, na iwapo vifaa vya kujizima wakati wa hitilafu vinafanya kazi. Akikuta kifaa ni hatari, humjulisha aliyepo na kuomba idhini ya kukikata kwenye gesi. Kifaa hicho hakiruhusiwi kutumika tena hadi kitengenezwe.

Namna ya kuisoma karatasi

Mpangaji mpya hupewa kumbukumbu ya ukaguzi kabla ya kuhamia. Mpangaji aliyekwishaingia hupewa nakala ndani ya siku 28 tangu ukaguzi ufanyike. Mwenye nyumba hutakiwa kutunza kumbukumbu hizo hadi ukaguzi mwingine mara mbili ufanyike.

Anayeipokea asiiweke kabatini kabla ya kuisoma. Aangalie mambo haya:

- Tarehe ya ukaguzi, na iwapo miezi 12 haijapita.
- Anwani iliyoandikwa, iwapo ndiyo ya nyumba anayoishi.
- Orodha ya vifaa na mahali vilipo, iwapo kila kifaa cha mwenye nyumba kimetajwa.
- Matokeo ya kila kifaa, na hitilafu zilizobainika pamoja na hatua zilizochukuliwa.
- Jina, saini na namba ya usajili ya fundi, ambayo inaweza kuhakikiwa katika tovuti ya Gas Safe Register.

Tangu mwaka 2018, mwenye nyumba anaruhusiwa kufanya ukaguzi ndani ya miezi miwili kabla ya muda kwisha bila kubadilisha tarehe ya mwisho ya mwaka unaofuata. Nafuu hiyo iliwekwa ili kusiwe na kisingizio cha kuchelewa pale mpangaji anapokuwa safarini au kazini.

Wajibu wa mpangaji

Ukaguzi huchukua siku moja. Siku nyingine 364 nyumba iko mikononi mwa anayeishi ndani yake. Kwa sababu hiyo mpangaji naye ana sehemu yake.

Amruhusu fundi kuingia baada ya kupewa taarifa. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuvunja mlango, lakini mpangaji anayekataa ukaguzi mara kwa mara anahatarisha maisha yake na ya majirani. Asizibe matundu ya hewa ukutani kwa nguo au karatasi ili kuzuia baridi, kwa sababu matundu hayo ndiyo yanayoipa boila hewa. Aidha, kanuni zinamkataza mtu yeyote kutumia kifaa cha gesi anachojua au kukishuku kuwa si salama.

Azitambue pia dalili. Kwa kawaida mwali wa gesi asilia huwa wa bluu na uliotulia. Ukiwa wa njano au rangi ya chungwa, uchomaji una kasoro. Masizi au madoa meusi kuzunguka kifaa, na unyevu usio wa kawaida madirishani, ni ishara nyingine. Kwa binadamu, kaboni monoksaidi huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Watu wengi hudhani ni mafua. Kinachotofautisha ni kwamba mgonjwa hupata nafuu akitoka nje na kuzidiwa akirudi ndani, na kwamba wenzake wa nyumbani huugua kwa pamoja.

Huko England, tangu tarehe 1 Oktoba, 2022 mwenye nyumba anatakiwa kufunga kitambuzi cha kaboni monoksaidi katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa cha kudumu kinachochoma nishati, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Scotland na Wales zina masharti yake kuhusu vitambuzi hivyo. Mpangaji akijaribu mara kwa mara kitufe cha majaribio atajua kama kitambuzi chake bado kinafanya kazi.

Jambo moja halina mjadala: jiko la mkaa lisiwashwe wala kuingizwa ndani ya nyumba, hata kwa muda mfupi, hata kama baridi ni kali na umeme umekwisha kwenye mita. Mkaa unaoendelea kuwaka bila moshi ndiyo chanzo kikubwa cha sumu hii.

Hatua za kuchukua wakati wa dharura

Anayenusa gesi au kusikia kitambuzi kikilia afungue milango na madirisha, afunge gesi kwenye vali kuu ikiwa anaweza kuifikia, kisha atoke nje na wenzake. Asiwashe wala kuzima taa, asiwashe kiberiti. Akiwa nje apige 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi katika England, Scotland na Wales inayopatikana bure saa 24. Mtu aliyezimia au kuzidiwa aitiwe gari la wagonjwa kwa namba 999.

Ikiwa hakuna dharura lakini mwenye nyumba hajafanya ukaguzi, mpangaji amwandikie kuomba kumbukumbu na atunze nakala ya barua au ujumbe huo. Asipojibiwa, atoe taarifa kwa HSE, mamlaka inayosimamia sheria hii, au kwa halmashauri ya eneo lake. Adhabu ni faini au kifungo, na wapo wenye nyumba waliowahi kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia baada ya mpangaji kufariki.

Funzo kwa nyumbani

Hapa nchini, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi ya mitungi inaingia katika nyumba nyingi za kupanga, na tofauti na Uingereza, mtungi na jiko kwa kawaida ni mali ya mpangaji. Ukaguzi unaanza kwake.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi usimamishwe wima mahali penye hewa, mpira ubadilishwe kabla ya muda wake kwisha au ukionyesha nyufa, na viungio vipimwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Povu likitoa mapovu, gesi inavuja. Mwenye nyumba naye, anapojenga vyumba vya kupangisha, atenge jiko lenye madirisha yanayofunguka. Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kwa wanaojiandaa kusafiri kwenda Uingereza, swali la kuuliza kabla ya kusaini mkataba wa nyumba ni moja: kumbukumbu ya ukaguzi wa gesi ya mwaka huu iko wapi? Mwenye nyumba aliyetimiza wajibu wake atakuwa nayo.