Kioo cha Warumi Mikononi mwa Mafundi wa Leo

Bilauri ikivunjika jikoni, mama hufagia vipande na kununua nyingine. Ndugu msomaji, zamani haikuwa hivyo. Kioo kilikuwa mali ya wafalme na matajiri, hadi karne ya 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), mafundi wa nchi ya Sham walipogundua kwamba kioo kilichoyeyuka hupulizwa kwa mrija kikavimba kama puto. Dola ya Roma ikaueneza ujuzi huo, na Strabo, mwanajiografia wa zama hizo, akaandika kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kilipatikana kwa sarafu moja ya shaba.

Warumi waliyeyusha mchanga kwa magadi yaliyotoka Misri. Mbali na kupuliza, walikuwa na njia nyingine iliyohitaji subira zaidi: walivuta fito za kioo cha rangi mbalimbali, wakazikata vipande vyembamba, wakavipanga, kisha wakavitia moto hadi vikashikana na kuwa bakuli lenye nakshi.

Zama za viwanda zilipofika, ujuzi ukagawanyika: msanii alichora, mfanyakazi akaunda. Mwaka 1962 Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi nchini Marekani, alitaka kuthibitisha kwamba msanii aweza kuunda kioo katika karakana yake mwenyewe. Mwezi Machi, katika jumba la makumbusho ya sanaa la Toledo, jaribio la kwanza likashindikana. Kioo hakikuyeyuka ipasavyo. Dominick Labino, mtaalamu wa kioo, akashauri wayeyushe gololi za kioo za kiwandani, nazo zikafaa. Lakini nani angewafundisha kupuliza? Ni mzee mmoja, fundi mstaafu wa kiwanda, aliyeshika mrija akawaonyesha.

Kutokana na mwamko huo, wengine waliirudia ile njia ya Warumi. Klaus Moje, mzaliwa wa Hamburg aliyehamia Canberra, Australia, mwaka 1982, alikata vipande vya kioo cha rangi, akavipanga na kuviunganisha tanurini. Kazi ya namna hiyo haina pupa: kioo kikipozwa haraka hupasuka, hivyo huachwa kipoe polepole.

Basi tujiulize, wazazi wenzangu: wasomi wale waliketi mbele ya mzee wa kiwandani wakajifunza. Katika mtaa wetu yupo mzee mwenye ujuzi mikononi. Je, ni mtoto wa nani anayeketi mbele yake?