Mali ya Mwanafunzi Ilindwe

Vyuo vikifunguliwa, stendi ya Kyela hujaa masanduku ya bati. Mzazi ameuza mpunga. Kijana anakwenda chuoni Mbeya na godoro, simu, pengine na kompyuta. Mali hiyo ni jasho la msimu mzima, lakini sanduku limefungwa kwa kufuli la bei ndogo kuliko yote dukani!

Nunueni kufuli imara. Tunzeni risiti. Bonyezeni *#06# kwenye simu. Itaonyesha namba yenye tarakimu 15. Iandikeni katika daftari la nyumbani. Simu ikiibwa, namba hiyo huwasaidia polisi kuitambua.

Bima je? Shirika la Bima la Taifa lilianza mwaka 1963, na leo yapo makampuni mengine. Mzazi hulipa ada. Mali ikiibwa, kampuni hulipa kwa masharti. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni: wizi bila mlango kuvunjwa hulipwa? Mara nyingi haulipwi.