Thamani ya Treni ya Mfano kwa Mpenzi wa Reli wa Kalemie

Treni ya mfano ni nakala ndogo ya treni halisi, iliyopunguzwa kwa uwiano uliowekwa na kuendeshwa kwa umeme juu ya reli zake yenyewe, na waundaji wake wakubwa, kuanzia Märklin ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1859 hadi Kato ya Japani, wamejijengea jina kwa kuiga kwa uaminifu reli za nchi zao. Wanunuzi wamezoea kulinganisha chapa kwa mambo mawili, yaani bei ya injini moja na unene wa katalogi. Vigezo hivyo vinamtosha mtu wa Göppingen au Nagoya, ambaye treni anazoziona stesheni ndizo zinazouzwa dukani. Kwa mpenzi wa reli anayeishi Katanika, pembezoni mwa Kalemie, havitoshi hata kidogo, kwa sababu reli anayoijua ina upana ambao chapa nyingi haziushughulikii, na kwa hiyo swali la kwanza kwake ni kama bidhaa za chapa fulani zinaweza kugeuzwa ili zibebe reli ya Kongo.

Reli iliyotoka Kabalo ilifika Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, mwaka 1915, baada ya safari ya kilomita 273. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 ili kuunganisha sehemu za juu za mto Kongo na maziwa makuu, iliijenga kwa geji ya milimita 1,000, geji ikiwa ni umbali kati ya kingo za ndani za reli mbili. Mwaka 1955 njia hiyo ilipanuliwa hadi milimita 1,067 ili ilingane na reli za Katanga, na mwaka uliofuata Kabalo ikaungwa na Kamina, hivyo behewa lililopakiwa bandarini Kalemie likaweza kwenda Lubumbashi, na kutoka huko hadi Zambia na kusini zaidi, bila kushusha mzigo wake. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 imebaki na geji ya mita moja. Ulaya na Amerika Kaskazini geji ya kawaida ni milimita 1,435, na hiyo ndiyo inayoigwa na sehemu kubwa ya treni za mfano duniani.

Uwiano husema kitu kimepunguzwa mara ngapi, na geji ya mfano husema reli zake ndogo zimeachana kwa milimita ngapi. Vipimo hivi viwili vikizidishwa, mtu hupata upana wa reli halisi inayoigwa. Mfumo ulioenea zaidi, HO, una uwiano wa 1:87 na geji ya milimita 16.5, na zao lake ni milimita 1,435 na ushei. Mfumo wa N, ulioanzishwa na Arnold ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960, una uwiano wa 1:160 na geji ya milimita 9, na zao lake ni 1,440. Si kila taifa limekuwa kali hivyo kwa hesabu. Waingereza, ambao injini zao halisi ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, hawakuweza kuingiza mota za miaka ya 1930 ndani ya bodi za 1:87, wakaukuza mwili hadi 1:76 na kuiacha reli palepale kwenye 16.5, na hadi leo Hornby na Bachmann huwauzia treni ambazo reli yake, kwa hesabu, ni nyembamba kwa karibu milimita 180. Wajapani, ambao reli zao nyingi zina milimita 1,067 kama za Kongo, hutumia reli ya milimita 9 kwa uwiano wa 1:150, yaani pana kupita kiasi. Kato na Tomix zina wingi wa aina unaostahili sifa, reli zinazofungana kwa urahisi na mota laini ajabu kwa ukubwa wake, nazo hutosha kwenye meza ndogo. Lakini atakayetaka kuona wembamba wa reli ya Kalemie, ule unaofanya behewa lionekane limening'inia nje ya magurudumu yake, hataupata humo.

Njia ya kwanza iliyo sahihi ni reli ya milimita 12 kwa uwiano wa 1:87. Geji ya milimita 1,067 ikigawanywa kwa 87 hutoa 12.26, na ya milimita 1,000 hutoa 11.49, kwa hiyo reli moja ya mfano hukaa katikati ya Kalemie na Kigoma, na mjenzi anaweza kuziweka bandari zote mbili kwenye meza moja, na ziwa katikati, bila kununua aina mbili za reli. Bemo, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1976, imejulikana kwa treni za milima ya Uswisi za geji hiyo, kazi safi lakini ghali. Peco ya Uingereza na Tillig ya Ujerumani huuza reli zake, na Tillig ina faida ya ziada, kwa kuwa mfumo wa TT wenye uwiano wa 1:120, ambao ni utaalamu wake mkubwa, nao hutembea kwenye milimita 12, hivyo chasisi ya TT huweza kuvishwa bodi ya 1:87 iliyotengenezwa kwa mkono. Hapa historia ya mji hutoa somo zuri la kujengwa: boti za kivita Mimi na Toutou, ambazo Waingereza walizisafirisha mwaka 1915 kupitia mto hadi Kabalo na kisha kwa treni hadi ziwani, zilikuwa na urefu wa futi 40, na kwa uwiano huu kila moja huwa sentimita 14 juu ya behewa lake.

Njia ya pili ndiyo inayostahili kupewa nafasi kubwa, kwa sababu ndiyo inayowafungulia watu wa geji ya milimita 1,067 maghala ya chapa kubwa. Ukigawanya 1,067 kwa 64 unapata 16.67, yaani karibu sawa kabisa na reli ya HO inayopatikana kila mahali. Wapenzi wa reli wa New Zealand na Queensland, ambao nao wana geji hiyo, wameitumia siri hii kwa miaka mingi: hununua reli, mota, bogi (fremu za magurudumu chini ya behewa) na magurudumu ya HO, kisha hutengeneza bodi za uwiano wa 1:64 juu yake. Behewa la abiria la mita 18 huwa sentimita 28, ambayo haipungukii sana sentimita 30 za behewa refu la Ulaya katika HO, kwa hiyo hata chasisi iliyotumika huweza kufaa. Vigari vidogo vya chuma vya kuchezea, vinavyouzwa katika masoko mengi, aghalabu hukaribia 1:64, hivyo barabara inayokwenda bandarini hupata malori yake kwa gharama ndogo.

Kinachomsaliti mjenzi mzembe ni mataruma, yaani mihimili inayobeba reli. Urefu wake katika reli ya HO, karibu milimita 30, unafaa, kwa sababu huwakilisha takribani mita mbili kwa 1:64. Kasoro iko katika nafasi kati yake. Mataruma ya HO hufuatana kwa milimita saba hivi, ambazo kwa uwiano mpya ni chini ya nusu mita, na reli huonekana imejazwa mbao kuliko ilivyo kweli. Dawa yake ni kununua reli ya kupinda ya Peco, kukata kwa kisu vipande vya plastiki vinavyounganisha mataruma chini ya reli, kisha kuyasogeza moja moja hadi yafikie nafasi ya milimita kumi au kumi na moja, na kuyagandisha kwa gundi. Kazi hii huchukua jioni nzima kwa mita chache, na hakuna kazi nyingine ndogo inayobadilisha sura ya reli kwa kiasi hicho.

Kwa mtazamo huo, sifa za chapa hubadilika. Märklin, yenye heshima kubwa na aina nyingi, hutumia vijipini vya katikati ya mataruma kupeleka umeme, na magurudumu yake hayatenganishwi kwa kizuizi cha umeme, hivyo mnunuzi hufungwa ndani ya mfumo mmoja. Injini zake mpya zenye sauti mara nyingi huvuka euro 300, fedha ambazo hupotea bodi ikishatupwa. Trix, iliyo mikononi mwa Märklin tangu miaka ya 1990, huuza nyingi za injini hizo kwa reli mbili za kawaida. Roco ya Austria, iliyoanzishwa mwaka 1960, ina mitambo imara yenye gurudumu zito linaloifanya mota isisite. Piko ya Sonneberg, iliyozaliwa Ujerumani Mashariki mwaka 1949 na kubinafsishwa mwaka 1992, ina safu rahisi ambayo injini zake hugharimu sehemu ndogo ya bei za wengine huku mota ikiwa ya kuaminika, na kwa anayetafuta mtambo wa kuvisha bodi mpya, hiyo ndiyo chapa ya kwanza kuangaliwa. Lima ya Italia, iliyowahi kuuza hata treni zenye rangi za reli za Afrika Kusini, imejaa katika masoko ya vitu vilivyotumika Ulaya. Mabehewa yake ni hazina, ila mota zake za zamani zina kelele na haziwezi mwendo wa polepole. LGB, inayokimbia kwenye reli ya milimita 45 kwa uwiano wa 1:22.5, huwakilisha milimita 1,012, yaani Albertville ya kabla ya 1955 karibu kabisa, na huvumilia mvua ya uani, lakini kila kitu chake ni kikubwa, bei ikiwemo.

Umeme nao huingia katika hesabu ya thamani. Gridi ya Kalemie, inayotegemea maporomoko ya Bendera, haifiki kila nyumba wala haiwaki kila saa, na nyumba nyingi hutegemea paneli ya jua na betri ya volti 12. Injini za reli mbili za HO zimeundwa kwa umeme huohuo wa mkondo mnyoofu, hadi volti 12, kwa hiyo betri pamoja na kifaa cha kupunguza na kugeuza mkondo hutosha bila transfoma. Fyuzi ya ampea moja au mbili ni lazima, kwa kuwa injini ikitoka relini magurudumu yake huunganisha reli mbili, na betri ya risasi na asidi humwaga mkondo wa kutosha kuyeyusha waya. Mfumo wa kidijitali, ambamo dekoda ndani ya injini hupokea amri zake binafsi, huhitaji volti zaidi na kituo chake cha kuendeshea, na unaweza kusubiri, mradi injini inayonunuliwa iwe na soketi ya kawaida ya kuupokea baadaye.

Hewa yenye unyevu ya ziwani huamua jambo jingine: reli za chuma hushika kutu, na za shaba nyeupe iliyochanganywa na nikeli, kama za Peco, Roco na Piko, hubaki zikipitisha umeme. Anayemwagiza ndugu aliyeko Brussels aombe basi reli ya kupinda ya aina hiyo, injini moja ya Piko ya bogi mbili iliyotumika lakini yenye mota nzima, seti mbili za magurudumu ya akiba, na mipira midogo ya kuzuia magurudumu yasiteleze, kwa sababu joto hukausha mipira hiyo kabla ya sehemu nyingine yoyote.