Kuchagua Kikuza Sauti cha Hedifoni kwa Ofisi ya Walimu

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wananchi wa Tanzania bara vilikusanyika kusikiliza masomo ya afya kutoka katika redio moja. Sauti ilipaswa kuwafikia wote waliokuwapo. Katika ofisi ya walimu haja ni kinyume chake: walimu wanne wanataka kusikiliza somo lililohifadhiwa katika simu, na wenzao wanasahihisha madaftari na hawapendi kusumbuliwa. Dawa yake ni hedifoni. Lakini simu imeundwa kwa msikilizaji mmoja. Ikiunganishwa na hedifoni nne kwa pamoja, sauti hufifia au hukwaruza. Hapana budi kuweka kikuza sauti kati yake, nacho chaweza kuundwa na wanafunzi wa klabu ya sayansi. Swali ni hili: kiundwe kipi?

Watu wengi huanza kwa kutafuta mchoro wa saketi. Yafaa zaidi kuanza na hesabu tatu: ya mzigo, ya betri na ya sikio. Hesabu hizo zikikamilika, mchoro utakuwa kama umejichagua wenyewe.

Hesabu ya mzigo

Hedifoni moja ina spika ndogo mbili. Tuchukue ile ambayo kila spika yake ina ukinzani wa omu 32, nayo hutoa takriban desibeli 100 ikipewa nguvu ya miliwati 1. Kwa kuwa nguvu ni sawa na kipeo cha pili cha volti kikigawanywa kwa ukinzani, miliwati 1 yahitaji volti 0.18 tu, na mkondo wa miliampea 5.6. Hedifoni nne zina spika nane. Zikiunganishwa sambamba, mkondo unaohitajika ni 8 × 5.6, yaani takriban miliampea 45. Ni dhahiri basi kwamba taabu yetu si volti, bali mkondo.

Sasa tuzitazame njia tatu zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni kutumia chipu ya aina ya opampu, kama katika mchoro mashuhuri uliotolewa na Chu Moy mwaka 1998. Sauti yake ni safi. Hata hivyo, opampu za kawaida, kama TL072, hufikia kikomo chao kwenye miliampea 20 hadi 40. Zamfaa msikilizaji mmoja, hasa mwenye hedifoni ya omu 300, lakini haziwezi kubeba mzigo wetu.

Ya pili ni kutumia transista za daraja A. Hizi hupitisha mkondo wakati wote, hata kukiwa kimya, na mkondo huo lazima uzidi kilele cha mkondo wa sauti. Kilele cha miliampea 45 ni 45 × 1.41, yaani takriban 64. Kwa hiyo tutenge miliampea 70.

Ya tatu ni chipu LM386, iliyoundwa ili kuendesha spika ya omu 8 kwa betri. Hufanya kazi kwa volti 4 hadi 12, na hutumia takriban miliampea 4 tu kukiwa kimya. Sauti ikipanda, mkondo hupanda. Sauti ikishuka, mkondo hushuka.

Hesabu ya betri

Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018. Hata hivyo, umeme ukikatika somo hukatika pia, na kwa mikono ya wanafunzi betri ni salama kuliko umeme wa ukutani. Betri nne ndogo za alkali hutoa volti 6, na akiba yake ni takriban miliampea 2000 kwa saa moja.

Kikuza sauti cha daraja A kingezimaliza kwa saa 2000 ÷ 70, yaani takriban 28. LM386 ikitoa miliwati 1 kwa kila spika hutumia takriban miliampea 24, na betri hudumu saa 83 hivi. Kwa sauti ya upole, ya desibeli 80, hutumia takriban miliampea 6, na betri hukaribia saa 330. Wakisikiliza saa mbili kila siku, ya kwanza huisha kwa siku 14, na ya mwisho hudumu siku zaidi ya 150. Mwalimu wa Kitura wilayani Mbinga, au wa Liuli kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, ataihisi tofauti hiyo mfukoni mwake.

LM386 ina mchakacho zaidi kidogo kuliko opampu nzuri. Kwa kuwa simu za mezani zilisafirisha mazungumzo yenye kueleweka kwa mitetemo 300 hadi 3400 kwa sekunde tu, kasoro hiyo haizuii kujifunza.

Hesabu ya sikio

Hapa ndipo penye hatari. LM386 yenye volti 6 yaweza kutoa takriban volti 1.8. Ikiunganishwa moja kwa moja na spika ya omu 32, huipa miliwati 100, sawa na desibeli 120. Shirika la Afya Duniani lashauri desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, saa 4 tu. Uharibifu wa seli za kusikia hautibiki.

Kwa hiyo kila spika iwekewe rezista yake ya omu 220, mfululizo. Volti 1.8 zitagawanyika, na spika itapata volti 0.23 tu, yaani takriban miliwati 1.6. Hata mtu akifungua sauti hadi mwisho, haitazidi sana desibeli 100. Huo bado si usalama wa kusikiliza kutwa. Itieni alama ya rangi sehemu ya upole ya kitufe, na mwalimu asiyemsikia mwenzake anayezungumza karibu naye apunguze sauti.

Kuunda

Mguu wa 1 na wa 8 iachwe wazi, ili ukuzaji ubaki mara 20. Pande mbili za sauti ya simu ziunganishwe kupitia rezista ya omu 1000 kila upande, kisha zipite katika rezista geu ya omu 10,000 kuelekea mguu wa 3. Mguu wa 2 na wa 4 iende ardhini, na betri iende mguu wa 6. Kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya mguu wa 6 na wa 4 huzuia mlio usiotakiwa. Toka mguu wa 5 hadi ardhini, rezista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.047 ziungwe mfululizo. Sauti itoke mguu wa 5 kupitia kapasita ya mikrofaradi 220. Kwa mzigo wetu wa omu 31.5, kapasita hiyo hupitisha sauti kuanzia mitetemo 23 hivi kwa sekunde. Ile ya mikrofaradi 10 ingeanza kwenye 500, na sauti ya mwanamume ingekonda.

Zoezi

Shule nyingine ina hedifoni nne, kila spika ikiwa ya omu 300. Tafuta volti na jumla ya mkondo kwa miliwati 1 kwa kila spika. Je, bado ungechagua LM386? Toa sababu.