Mvua Inapojaza Milima: Safari za Familia katika Sahyadri

Kila mwaka, kati ya Juni na Septemba, familia nyingi za miji ya Mumbai na Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, hupanda magari mwishoni mwa juma na kuelekea milimani, si kwa kuwa mvua imekatika bali kwa kuwa inanyesha. Milima inayofuatwa ni Sahyadri, jina ambalo wenyeji hulitumia kwa sehemu ya kaskazini ya safu ya Western Ghats, iliyoenea kwa takribani kilomita 1,600 sambamba na pwani ya magharibi ya India, na ambayo mwaka 2012 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika sehemu nyingi za dunia msafiri husubiri kiangazi ndipo afunge mizigo. Huku, miezi ya mvua kubwa ndiyo miezi ya matembezi. Desturi hiyo ina mantiki yake na ina gharama yake, na vyote viwili hutokana na chanzo kimoja: maji yanayoipamba milima hiyo ndiyo hayo hayo yanayoibomoa.

Safari ya upepo

Chanzo cha mvua hizo hakianzii India. Wakazi wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa wanaufahamu vizuri upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba, na ambao kwa karne nyingi uliyasukuma majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Upepo huo ni sehemu ya mfumo mkubwa ambao wataalamu wa hali ya hewa huuita monsuni, yaani pepo zinazogeuza mwelekeo wake kwa majira kwa sababu nchi kavu na bahari hazipati joto kwa kasi moja. Ardhi ya Asia ya Kusini inapochomwa na jua la Aprili na Mei, hewa iliyo juu yake hupanuka na kupaa, na hewa ya Bahari ya Hindi huvutwa kuijaza nafasi hiyo. Sehemu kubwa ya hewa hiyo huvuka ikweta karibu na pwani ya Kenya, ikiwa imebanwa upande wa magharibi na nyanda za juu za Afrika Mashariki, kisha hupindishwa kulia na mzunguko wa dunia, hupita mbele ya Somalia kwa kasi kubwa, na kuikata Bahari ya Arabu huku ikizoa mvuke. Manahodha wa zamani waliujua ukali wake, ndiyo maana waliokuwa wakienda India waliondoka kusi inapoanza au inapokaribia kwisha, wakiikwepa Juni na Julai ambapo bandari za magharibi mwa India hazikufikika kwa mawimbi.

Kwa kalenda ya Idara ya Hali ya Hewa ya India, iliyoanzishwa mwaka 1875, mvua hizo kwa kawaida hufika Kerala, kusini mwa nchi, tarehe 1 Juni, huingia Mumbai karibu na tarehe 11 Juni, na huanza kuondoka kupitia kaskazini-magharibi katikati ya Septemba. Katika miezi hiyo minne India hupata karibu robo tatu ya mvua yake yote ya mwaka, lakini mgawanyo wake hauko sawa, na Sahyadri ndiyo mfano ulio wazi kabisa. Upande wa magharibi milima hiyo imesimama wima kuikabili bahari, ilhali upande wa mashariki inashuka polepole kuelekea uwanda wa juu wa Deccan. Hewa yenye mvuke ikiugonga ukingo huo haina njia ila kupanda. Inapopanda hupoa, na kwa kuwa hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi, mvuke huo hugeuka matone na kumwagika pale pale. Hewa inayovuka ng'ambo huwa imekwisha kutoa maji yake, na eneo inalolifikia huitwa kivuli cha mvua.

Tofauti hiyo huonekana ndani ya mwendo wa saa moja au mbili wa gari. Mji wa Lonavala, ulio kwenye ukingo wenyewe katika mwinuko wa mita 620 hivi, hupata zaidi ya milimita 4,000 za mvua kwa mwaka, na Pune, kilomita 65 hivi upande wa mashariki, hupata milimita 700 na ushei tu. Mahabaleshwar, mji ulio juu zaidi, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,300, na ambako Mto Krishna unaanzia safari yake ya kuelekea Ghuba ya Bengal, hupata zaidi ya milimita 5,000, wakati Panchgani, iliyo umbali wa kilomita 18 hivi tu, haipati hata nusu ya kiasi hicho.

Kutoka kukimbiwa hadi kufuatwa

Miji hiyo haikujengwa kwa ajili ya wapenda mvua. Mahabaleshwar ilianzishwa kama mji wa mapumziko mwishoni mwa miaka ya 1820, wakati Sir John Malcolm alipokuwa gavana wa Bombay (jina la zamani la Mumbai), ili maofisa wa Kiingereza wapate pa kuukimbilia joto la Machi hadi Mei. Mvua zilipobisha hodi mwezi wa Juni, wageni walishuka, maduka yalifungwa, na nyumba zilizobaki zilizungushiwa nyasi ndefu kuzuia kuta zisilowe na kuoza. Panchgani iliendelezwa katika miaka ya 1860 kwa sababu ya kivuli chake cha mvua, kwa kuwa watawala hao walitaka mahali mlimani ambapo mtu angeweza kukaa mwaka mzima.

Ramani ya matembezi ya leo imeupindua mpango huo. Uwanda wa Deccan na pwani huvumilia miezi mitatu ya joto kali kabla ya mvua ya kwanza, na kwa mkulima mvua hiyo ni riziki, kwa mkazi wa mjini ni nafuu, hivyo kuipokea kwa furaha ni jambo la asili katika jamii hiyo. Lililoongezeka ni gari la familia na barabara. Reli ya kupanda Bhor Ghat, kati ya Mumbai na Pune, ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 1863. Neno ghat hapa lina maana ya njia inayopandisha watu kutoka pwani hadi juu ya ukingo. Barabara kuu ya kasi kati ya Mumbai na Pune, yenye kilomita 94 hivi na njia sita za magari, ilikamilika mwaka 2002, na tangu hapo mtu anaweza kuondoka Mumbai asubuhi, akala chakula cha mchana ndani ya ukungu wa Lonavala, na akarudi kulala kwake.

Gari la safari ya namna hiyo mara nyingi hubeba vizazi vitatu: babu na bibi, wazazi, na watoto nyuma. Familia zenye asili ya Gujarat hufunga thepla, chapati nyembamba zilizokandwa kwa majani ya uwatu na viungo, ambazo hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Mengine hununuliwa njiani, na Mswahili wa pwani angeyatambua mengi bila kuelezwa: chai ya maziwa yenye tangawizi, bajia za vitunguu zilizochovywa katika unga wa dengu na kukaangwa papo hapo, na mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu, chumvi na pilipili. Sifa ya Lonavala ni chikki, kashata ngumu ya karanga na sukari guru, ambayo kwa wasafiri wengi ndiyo zawadi ya kupeleka nyumbani.

Kivutio kikuu, hata hivyo, ni maji. Magenge yaliyokuwa makavu na ya kahawia mwezi wa Mei huota nyasi ndani ya wiki chache, na kila bonde hutoa maporomoko yake. Mahali kama Naneghat upepo unaotoka baharini hugonga genge kwa nguvu kiasi cha kuyarusha juu maji yanayoanguka, hadi yakaonekana yanapanda badala ya kushuka. Ni kusi ile ile, iliyovuka bahari nzima, inayofanya kazi hiyo.

Maji na mwamba

Hatari ya kwanza inatokana na jinsi maporomoko hayo yanavyojazwa. Mwamba wa Sahyadri una udongo haba juu ya magenge, hivyo mvua kubwa inayonyesha bondeni juu hushuka yote kwa muda mfupi, hata kama mahali familia iliposimama hakunyeshi. Tarehe 30 Juni 2024, karibu na bwawa la Bhushi mjini Lonavala, watu watano wa familia moja, wakiwemo watoto, walichukuliwa na maji yaliyopanda ghafla wakiwa wamesimama katikati ya mkondo. Baada ya msiba huo utawala wa wilaya ya Pune ulitoa amri za kuwazuia wageni kuingia majini na kusogea kwenye kingo katika maeneo kadhaa ya matembezi. Maji yanapobadilika rangi na kuwa ya tope, yanapoanza kuleta majani na vijiti, au yanapoongeza kishindo, mafuriko huwa yamekwisha kuanza huko juu, na nafasi ya kutoka ni ya dakika, si ya saa.

Hatari ya pili ni mlima wenyewe. Sahyadri imeundwa na basalti, mwamba uliotokana na tabaka juu ya tabaka za lava iliyomwagika yapata miaka milioni 66 iliyopita, na juu ya mwamba huo kuna udongo uliozaliwa na kuchakaa kwake. Maji yanapopenya kwenye udongo huu huuongezea uzito na wakati huo huo hupunguza mshikamano wa chembe zake, hadi mteremko ushindwe kujishikilia. Mkato wa barabara au ukataji wa miti huusogeza karibu wakati huo. Mawe huangukia barabara za ghat karibu kila msimu, na ndiyo maana sehemu za ukingo kwenye barabara ya Mumbai na Pune zimefunikwa kwa nyavu za chuma.

Madaraja na kona hukamilisha orodha. Usiku wa tarehe 2 Agosti 2016 daraja la mawe la enzi ya ukoloni kwenye Mto Savitri, karibu na Mahad, lilibomolewa na mafuriko, na mabasi mawili ya abiria yakatumbukia. Tarehe 28 Julai 2018 basi lililobeba wafanyakazi waliokuwa wakienda matembezi Mahabaleshwar lilianguka katika korongo la Ambenali Ghat, na watu wasiopungua 30 walikufa. Daraja hilo na korongo hilo viko kwenye njia ile ile ya kupandia mlima kutokea upande wa bahari. Njia ya mashariki, inayopitia Wai na Panchgani, hupanda katika eneo lenye mvua chache zaidi.

Udereva na afya

India huendesha magari upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, na katika barabara yenye mteremko mkali isiyotosha magari mawili, gari linalopanda ndilo linalopewa njia. Wakati wa kushuka, dereva anayetegemea breki peke yake huzipasha joto hadi zikapoteza nguvu, kwa hiyo hutakiwa kushuka kwa gia ile ile ambayo angeitumia kupanda. Tairi kipara haina mifereji ya kuyafukuza maji, na gari linapokwenda kasi hupanda juu ya utando wa maji, ambapo usukani na breki havina kazi tena. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo likaelea, na yenye kina cha sentimita 60 yanayokwenda kasi huchukua hata magari makubwa ya familia.

Kona nyingi huleta kichefuchefu, hasa kwa watoto, kwa sababu sikio la ndani huupa ubongo habari ya mwendo ambayo macho yanayotazama kitabu au simu hayaioni. Dawa rahisi ni kutazama mbali na kusimama mara kwa mara. Maji ya mafuriko mijini hubeba leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, ambao Tanzania iliufahamu zaidi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Mwenye kidonda mguuni hapaswi kutembea ndani ya maji hayo.

Gharama ya kuahirisha

Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari kwa rangi nne, kuanzia kijani, njano na rangi ya chungwa hadi nyekundu, na huihesabu mvua inayozidi milimita 204 kwa siku kuwa ni ya kupindukia. Rangi hizo hazina maana sawa kwa kila mtu. Katika milima hiyo hiyo, kijiji cha Malin kilifukiwa na maporomoko ya mlima asubuhi ya tarehe 30 Julai 2014, na kitongoji cha Irshalwadi kilifukiwa usiku wa tarehe 19 Julai 2023. Waliokufa walikuwa makwao, na hawakuwa na safari ya kuahirisha. Familia ya mjini inao uwezo huo, lakini huupoteza kadiri inavyokaribia mlima, kwa kuwa hoteli imelipiwa, watoto wamechangamka, na foleni ya magari ya wengine hufanya hatari ionekane ya kawaida. Uamuzi wa kuahirisha unapaswa kufikiwa nyumbani, kwa kigezo kinachojulikana na wote, kama vile rangi nyekundu au ile ya chungwa, kabla ya injini kuwashwa.

Kuahirisha huko hakuinyimi familia kile ilichokifuata. Monsuni hunyesha kwa vipindi, siku za mvua kubwa zikifuatwa na siku za manyunyu, na maporomoko huendelea kumwaga maji baada ya kilele kupita. Mwezi wa Septemba, mvua inapopungua na barabara zinapoanza kukauka, mabonde bado ni ya kijani, mito bado imejaa, na uwanda wa Kaas, karibu na mji wa Satara, hufunikwa na maua ya porini ambayo huchanua kwa wiki chache tu na yasiyoonekana katika kilele cha mvua.