Fizikia ya Safari kwa Kiti cha Magurudumu

Mtu atakaye kusafiri kwa gari kutoka London, Uingereza, hadi Verona, Italia, aghalabu huanza kwa kufungua ramani na kuhesabu kilomita. Endapo mmoja wa wasafiri ni mtumiaji wa kiti cha magurudumu, hesabu hiyo haitoshi. Kwake yeye, kizingiti cha sentimita 15 mlangoni mwa hoteli chaweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko milima ya Alpi. Milima itavukwa na gari katika kipito cha Brenner, mita 1,370 juu ya usawa wa bahari. Lakini mbele ya kizingiti hamna injini, ila mikono ya msafiri na ya mwenzake.

Hebu tukichunguze kizingiti hicho. Chukulia kwamba mtu na kiti chake wana tungamo la kilo 100, yaani uzito wa nyutoni 1,000 hivi. Kuwainua wima sentimita 15 kwahitaji kani ya nyutoni 1,000 na kazi ya juli 150. Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo bila kuhatarisha mgongo wake. Tukitumia njia ya mwinamo, ambayo ni mashine sahili, kazi haipungui. Kinachopungua ni kani. Kiwango cha Ujerumani huruhusu mwinamo usiozidi asilimia 6. Hivyo njia yetu itakuwa na urefu wa mita 2.5, na kani ya kusukuma, tukiuacha msuguano, ni nyutoni 60. Nchini Italia, kanuni za mwaka 1989 huruhusu asilimia 8: urefu ni mita 1.9 hivi, na kani ni nyutoni 80. Mwanafunzi na azidishe kani kwa urefu; kila mara atapata takriban juli 150 zile zile.

Kutokana na hayo twaona kwamba haifai kuiuliza hoteli kama inapokea wageni wenye viti vya magurudumu. Atakayejibu huenda asihesabu ngazi moja kuwa ni ngazi. Yafaa kuuliza kwa sentimita: kizingiti kina kimo gani? Mlango wa msala una upana gani? Kiti chenye upana wa sentimita 65 hakipiti katika mlango wa sentimita 60, hata kama chumba chenyewe ni kikubwa.

Jambo la pili ni muda wa kukaa. Kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo. Mifupa ya makalio, yenye eneo dogo, hubana ngozi na mishipa myembamba ya damu. Mtu asiye na ulemavu husikia maumivu akajigeuza. Aliyepoteza hisia kwa kuumia uti wa mgongo hapati onyo hilo, na kidonda kitokeacho chaweza kuchukua miezi kupona. Kwa hiyo mpango wa siku hupangwa kwa vituo vya kupumzisha ngozi, wala si kwa kasi ya gari.

Tatu, kila mpaka una desturi zake. Katika treni ya magari ipitayo chini ya bahari kati ya Folkestone na Calais tangu 1994, abiria hubaki garini mwao kwa dakika 35 hivi, bila haja ya kuhama. Atakayechagua meli hana budi kutoa taarifa mapema, ili gari lake liegeshwe karibu na lifti. Plagi ya Uingereza yenye meno matatu bapa, tuijuayo pia Afrika Mashariki, haiingii katika soketi za Ujerumani. Asiye na kiunganishi hawezi kuchaji betri ya kiti chake usiku. Nchini Ujerumani, tangu 1986, upo ufunguo mmoja ufunguao misala mingi ya watu wenye ulemavu kandokando ya barabara kuu, na hutumika pia Austria na Uswisi. Ni vyema kuuagiza kabla ya kuondoka.

Walimu waweza kulifanya somo hili zoezi la darasa. Wanafunzi wapime kimo cha kila kizingiti shuleni, kisha wakokotoe urefu wa njia ya mwinamo wa asilimia 6 kwa kila kimoja. Baada ya hapo waorodheshe vyumba ambavyo mwenzao mwenye kiti cha magurudumu angeweza kuingia leo bila kubebwa.